Njia Tulivu, Njia Tupu: Uhakiki wa Maelezo ya Safari za Baiskeli

Mhakiki huzoea kuletewa riwaya, tamthilia au diwani ya mashairi. Muhula uliopita mimi nililetewa karatasi zinazoeleza njia ya baiskeli. Mwenzangu anayefundisha Kifaransa alikuwa ametunga kifungu kuhusu njia moja ya mashambani huko Burgundy, nchini Ufaransa, ili wanafunzi wanaosoma Kifaransa pamoja na Kiswahili wakifasiri. Alipozipata tafsiri zao akaniomba nizitazame upande wa Kiswahili. Nilizisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka, na makala haya yanatokana na hali hizo mbili.

Kwanza tuieleze njia yenyewe. Inatoka Givry hadi Cluny, kilomita 44, ikipitia Buxy na Cormatin katikati ya mizabibu na vilima. Zamani palikuwa na reli. Garimoshi lilipoacha kupita, tuta la reli likatengenezwa upya, na mwaka 1997 likafunguliwa kwa waendao kwa miguu na wapanda baiskeli. Wafaransa huita njia ya namna hii voie verte, yaani njia ya kijani, na tangu mwaka 2004 jina hilo limo katika sheria zao za barabarani: vyombo vyenye injini haviruhusiwi. Tena, kwa kuwa garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, tuta lake huzunguka vilima au hupanda polepole sana. Hivyo hata mtu mwenye mapafu ya kawaida, kama mimi, anaweza kuvuka nchi ya vilima bila kushuka na kuikokota baiskeli.

Sasa tuzitazame tafsiri. Moja ilianza kwa kutuambia kwamba njia hii inapita "katikati ya kampeni za Burgundy". Neno la Kifaransa campagne lina maana zote mbili, mashamba na kampeni, na mwanafunzi aliyekulia katika kelele za vipaza sauti vya wagombea alichagua maana aliyoizoea. Hilo ni kosa la kamusi, na lisituchelewesha. Zito zaidi ni suala la magari. Mwanafunzi wa kwanza aliandika "njia isiyo na jamu". Hapa Kampala ataeleweka, lakini msomaji wa Zanzibar, ambaye magari yake hukaa kwenye foleni, atadhani tunazungumzia mkate. Wa pili aliandika "njia isiyo na msongamano wa magari". Hiki ni Kiswahili sanifu, na ndicho kilichopata alama nyingi. Hata hivyo, nadai kwamba hiyo ndiyo tafsiri mbaya kuliko zote. Barabara ya Jinja, hapo chini ya chuo chetu, haina msongamano saa tisa za usiku, lakini malori yaendayo Mombasa yanapita kwa nafasi na kwa kasi. Mpanda baiskeli aliyesoma maneno hayo akayaamini anaweza kuvunjwa mguu na tafsiri. Kinachotakiwa ni "njia isiyopitiwa na magari", na pale ambapo sheria inakataza, tuseme waziwazi: magari hayaruhusiwi.

Neno lililotusumbua zaidi darasani lilikuwa la safari yenyewe. Tunamwitaje mtu anayepanda baiskeli siku tano, hapeleki mzigo, haendi kazini, hashindani na mtu, anataka tu kuiona njia? Mmoja aliandika "wazururaji wa baiskeli". Kila mwenye kumbukumbu ya askari wa doria anajua kwamba mzururaji ni mtu wa kukamatwa. Wengine walikimbilia "watalii", neno linalomfikisha mgeni hotelini lakini lisiloonyesha jasho lake. Mimi nilipendekeza "matembezi ya baiskeli", wakanikatalia kwa kauli moja: mtu hutembea kwa miguu! Ni kweli kwamba sisi wa bara tumeshika maana hiyo moja. Lakini mtu wa pwani husema ametoka kutembea hata kama alipanda gari kwenda kumwamkia shangazi yake. Kutembea kwake ni kutoka nyumbani bila shughuli ya lazima. Bado nalitetea neno hilo, ingawa nakiri kwamba darasani nilishindwa kura.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tupoteze wino kwa mizabibu ya watu. Jibu liko karibu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha hapa kwetu Julai 2022. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Maelezo ya njia za eneo letu yataandikwa kwa Kiswahili, kama si leo basi kesho, na watakaoajiriwa kuyaandika na kuwaongoza wageni huenda wakawa hawahawa wanaotusomea hapa. Kwa sababu hiyo niliwapa zoezi la pili: kila mmoja aeleze njia ya vilima anayoijua yeye, bila kufasiri.

Mwanafunzi mmoja alichagua Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Alikuwa amepita sehemu yake ya kaskazini pamoja na binamu yake. Lugha yake ni safi, upatanisho wa kisarufi hauna doa, na ziwa analieleza vizuri likionekana na kupotea kila baada ya kona. Kisha anaandika: "Njia ni tulivu, hakuna mtu." Nilipiga mstari chini ya maneno hayo. Vilima vya Rutsiro na Karongi vimelimwa hadi kileleni. Huko huwezi kwenda dakika kumi bila kusalimiwa. Nilimuuliza, "Hakuna mtu kweli?" Akanijibu, "Mwalimu, walikuwepo watu wa kawaida tu."

Nadhani hakukosea kwa kutoona. Alikuwa amesoma maelezo ya Kifaransa, akafikiri kwamba aina hii ya maandishi inataka njia iwe tupu, akawafuta watu ili kuitimiza kanuni. Ndipo penye kasoro. Huko Burgundy ukimya ulitengenezwa kwa kuondoa injini, nao wanaobaki njiani wengi wao wametoka matembezini. Kwetu njia isiyo na magari ndiyo yenye watu wengi zaidi: mama mwenye kuni kichwani, watoto wa shule, kijana mwenye ndizi kwenye baiskeli. Ukivuka mpaka kutoka Rubavu unaingia Goma, ambako chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kimejengewa sanamu katikati ya jiji kwa heshima ya mizigo kilichobeba. Mwandishi anayeita njia kama hizi tupu ameshachagua upande, hata kama hakukusudia. Vivyo hivyo anayelalamika kwamba barabara ya lami iliyojengwa kandokando ya Kivu katika miaka ya 2010 "imeharibu" njia. Mpanda baiskeli amepoteza kipande cha vumbi lake alilolipenda. Anayempeleka mgonjwa hospitalini amepata barabara. Maelezo mazuri yangeyasema yote mawili.

Karatasi iliyonifurahisha zaidi ilitoka kwa kijana wa Kisoro ambaye kwa kawaida hupata alama za katikati. Yeye alieleza mteremko mmoja wa kwao. Kwa ruhusa yake nanukuu: "Hapa usiiamini breki. Ukisikia mluzi nyuma yako, jiweke pembeni, maana huyo ana gunia mbili za viazi na hawezi kusimama. Mkifika chini mtasalimiana." Ngeli imemponyoka pale kwenye "gunia mbili" (magunia mawili, bwana!), lakini katika sentensi tatu njia ina mwinuko, ina hatari, ina sauti, na ina watu wenye haki ya kupita kwanza. Utulivu wa kilima hicho ni kimya kinachokatwa na mluzi. Baba yake, aliniambia baadaye, alishuka hapo na viazi kwa miaka mingi.

Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Kijana huyu hakutaja umbali, hakusema maji ya kunywa yako wapi, wala udongo unakuwaje mvua ikinyesha. Hapo Mfaransa anatushinda. Katika kile kifungu cha mwenzangu kila kijiji kina kilomita yake, kila bomba limetajwa, na msomaji anajua mapema pa kulala. Wanafunzi wetu wengi huona takwimu kama adui wa lugha tamu, wakajaza "mandhari ya kuvutia" mahali ambapo mgeni mwenye kiu anatafuta bomba. Nilihesabu "mandhari ya kuvutia" mara tisa katika karatasi moja ya kurasa mbili.

Jambo moja bado halijamalizika. Walipoelewa asili ya njia ya kijani, darasa zima liliuliza kuhusu reli yetu ya magharibi, iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe na ambayo kwa miaka mingi haijapitisha garimoshi. Mmoja akasema kwamba kwao watu wanaitumia tayari kama njia ya miguu, nyasi zikiwafika kiunoni. Nimewapa kazi ya kuieleza kwa Kiswahili, kituo kwa kituo, pamoja na umbali, maji na watu watakaowakuta. Karatasi zitabandikwa ubaoni nje ya ofisi ya idara. Mwenye neno bora kuliko "matembezi" alilete pia, maana kura ile sijaikubali.