Hazina ya Pamoja Katika libcurl: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Anayetaka kupima ustadi wa programu iliyojengwa juu ya libcurl, maktaba ya mtandao iliyoasisiwa na Daniel Stenberg wa Sweden, asianze na kasi. Atazame kwanza ni data gani imewekwa katika hazina ya pamoja. Kwa kawaida kila kishikio (handle), yaani kitu ambacho programu hukitumia kuendesha uhamisho wa data, hujitegemea: kina vidakuzi vyake, akiba yake ya DNS, miunganisho yake. Hazina hiyo huviwezesha kushirikiana, na kila aina ya data huruhusiwa peke yake. Anayeruhusu zote kwa mkupuo hajafikiri. Anwani za DNS hazina hatari kubwa, maana hazimhusu mtumiaji fulani, tena libcurl huzitunza sekunde 60 tu isipoelekezwa vingine. Vidakuzi ni jambo jingine kabisa: hubeba utambulisho wa mtu. Seva inayohudumia wateja wawili kwa hazina moja ya vidakuzi yaweza kumfungulia huyu akaunti ya yule, na hakuna kasi inayofidia kosa hilo.

Wapo watakaosema faida kubwa iko kwenye miunganisho, kwa kuwa kila muunganisho mpya hugharimu safari za kwenda na kurudi kabla data haijaanza kupita. Ni kweli. Lakini vishikio vilivyowekwa chini ya kishikio-kundi kimoja (multi handle) tayari hushiriki miunganisho na akiba ya DNS bila hazina yoyote, na kugawana miunganisho kati ya nyuzi (threads) zinazokwenda sambamba hakuungwi mkono na maktaba yenyewe, hata ukiweka kufuli (lock). Hoja ya kasi, basi, mara nyingi hudai kitu ambacho ama kipo tayari ama hakiruhusiwi.

Panapokuwa na nyuzi nyingi, kagua kufuli. libcurl haijifungii hazina hiyo. Humwachia mwandishi wa programu alete kazi (functions) za kufunga na kufungua, na kila inapoziita huzitajia aina ya data inayoguswa. Kazi safi huitumia taarifa hiyo, ikawa na kufuli kwa kila aina. Penye kufuli moja, uzi unaotafuta anwani husubiri mwenzake anayesoma vikao vya TLS, ingawa hawagombei chochote.

Mwisho kagua ubomoaji. curl_share_cleanup hukataa ikiwa kishikio chochote bado kimeshikamana na hazina, nayo hurudisha CURLSHE_IN_USE. Wengi hawalisomi jibu hilo.