Santuri Zimeokolewa, Kaseti Je?

Kenya Special, mkusanyiko ambao lebo ya Uingereza, Soundway, ilitoa 2013, ni moto, sikatai. Ila nyimbo zake za miaka ya 1970 na 1980 nyingi zimetoka kwa santuri ndogo. Wakusanyaji hufuata kilichodumu. Kaseti nazo? Ile marehemu baba alinunua River Road niliifungua juzi hapa Kangemi na bisibisi: gundi inayoshika unga wa sumaku imelegea kwa unyevu, kila mzunguko unaacha vumbi la kahawia kwa kichwa cha redio. Santuri ingeningoja. Nikairekodi kwa laptop mara moja tu. Upande wa pili ukakatika gitaa likianza kupanda. Hiyo nusu ndio niko nayo.