Ngazi ya Ibenge, Kidato kwa Kidato

Tarehe 31 Januari 2015, mjini Bata, Guinea ya Ikweta, robo fainali ya Kombe la Afrika ilikuwa imepita saa nzima na Kongo yetu iko nyuma 2-0 mbele ya ndugu zetu wa Brazzaville. Aliyezima redio wakati ule anajuta hadi leo. Dakika ya 65 Dieumerci Mbokani akafunga. Dakika ya 75 Jérémy Bokila akasawazisha. Dakika ya 81 beki Joël Kimwaki akaongeza la tatu, na katika dakika za nyongeza Mbokani akamaliza kazi: 4-2. Léopards wakarudi nyumbani na nafasi ya tatu.

Kwenye benchi alikuwa Florent Ibenge. Vijana wanaofundisha mpira hapa Luofu, Lubero, huniuliza mtu hufikaje pale. Tuipande ngazi yake.

Kidato cha kwanza ni kusubiri huku unafanya kazi. Ibenge alizaliwa mwaka 1961, na jina lake lilianza kutajwa Afrika nzima mwaka 2014, akiwa na miaka 52. Kabla ya hapo alifundisha klabu ndogo za kaskazini mwa Ufaransa, kama Wasquehal na Douai, ambako kamera za televisheni hazifiki. Mwaka 2012 alishika kwa muda mfupi Shanghai Shenhua ya China. Hiyo miaka ya gizani ndiyo iliyomfunza ufundi.

Kidato cha pili ndicho chenye siri. Mwaka 2014 alivaa kofia mbili kwa wakati mmoja: AS Vita Club ya Kinshasa na timu ya taifa. Mwaka huohuo Vita ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatoka sare 2-2 na 1-1 na ES Sétif ya Algeria, ikakosa kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini. Wengi walisema kazi mbili zitamchosha. Lakini kocha wa taifa kwa kawaida huwaona wachezaji wake siku chache tu kabla ya mechi. Ibenge aliishi ndani ya ligi: wengine aliwafundisha kila asubuhi, wengine alipambana nao kila msimu. Alijua nani hukata tamaa akifungwa na nani huamka. Matunda yake yalionekana CHAN ya 2016, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani pekee. Tarehe 7 Februari, mjini Kigali, Kongo iliipiga Mali 3-0 na kubeba kombe.

Ngazi hii ina kidato kilichovunjika pia. Septemba 2017, Kinshasa, tulikuwa mbele 2-0 dhidi ya Tunisia katika kufuzu Kombe la Dunia. Tunisia ikarudisha yote mawili kwa muda mfupi sana, na mwishowe ikaenda Urusi kwa kutuzidi pointi moja. Kupanda kutoka 2-0 na kulinda 2-0 ni kazi mbili tofauti. Kocha anayefundisha kushambulia tu amefundisha nusu.

Mwaka 2019 aliiacha timu ya taifa. Mwaka 2022 aliipa RS Berkane ya Morocco Kombe la Shirikisho, kisha akaenda Al Hilal ya Omdurman. Aprili 2023 vita vikaikumba Sudan, timu ikabaki bila uwanja wala mashabiki wa nyumbani. Msimu wa 2024/25 ilihamia Mauritania, ikacheza hata ligi ya huko. Ikiwa ugenini kila siku, iliichapa Yanga 2-0 Dar es Salaam na kumaliza ya kwanza katika kundi lililokuwa pia na MC Alger na TP Mazembe. Julai 2025 alihamia Azam ya Tanzania, na katika msimu huohuo klabu hiyo ikaingia hatua ya makundi ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Sisi watu wa Lubero hatuhitaji kuelezwa maana ya kufunga virago usiku. Ndiyo maana sura ya Al Hilal inanigusa kuliko makombe. Uwanja ulipopotea, kilichobaki ni kocha kuwajua watu wake na wao kujuana. Hicho Ibenge alikuwa amekijenga tangu AS Vita Club, na hakihitaji nyasi wala taa.

Kuna kijana hapa anayefundisha watoto kwenye kiwanja chenye mteremko, magoli ni mianzi miwili. Kabla ya kupuliza filimbi hufungua daftari na kuita majina, moja moja. Kila baada ya ukimbizi kuna jina lisiloitikiwa, naye huweka alama, kisha jioni huenda kuulizia kwao. Nilimwambia: endelea hivyo. Kidato cha kwanza umeshakikanyaga, na cha pili pia.