Sime Hutazamwa Begani

Juma lililopita nilikuwa Bomang'ombe, kwenye kibanda cha chai karibu na njia panda ya Sanya Juu, kijana mmoja anayepandisha wageni mlimani akawa anaonyesha kisu. Mgeni wake, waliyepanda naye kwa njia ya Lemosho, alimwachia zawadi. Kisu cheusi tii, mgongoni kina meno ya msumeno, kitakoni mwa mpini kuna dira. Ukifungua dira unakuta njiti za kiberiti, uzi na ndoano ya samaki. Ndoano, kwa mtu anayelala Shira! Meza nzima ikasifu. Mwendesha bodaboda akasema hicho ndicho kisu cha kazi, siyo haya masime ya kukatia nyama choma. Mwingine, ili asipitwe, akachomoa sime yake aliyoinunua barabarani, katika zile wanazopangiwa wageni waendao kuoga Chemka: ala nyekundu, mpini umevishwa shanga, ubapa unang'aa kama kioo cha kinyozi. Nayo ikasifiwa.

Nilinyamaza. Chai ilikuwa bado ya moto, na kijana alikuwa ameniamkia kwa adabu. Lakini mpini uliotobolewa ukawa kabati la ndoano, mkia wa kisu umepita wapi? Haukupita. Chuma kimeishia shingoni, kikashikwa na nati. Na ile sime ya shanga nayo ilikuwa inaficha jambo mahali palepale, nitalieleza.

Mimi nachonga mizinga na mipini. Gogo la mringaringa nalifukua kwa tezo. Yaliyobaki, kukwangua gome, kuchonga vifuniko, kusawazisha tundu la nyuki, nayafanya kwa sime. Watu hudhani sime ni silaha ya morani tu. Muulize Mmasai wa uwanda wa Sanya amejenga boma la miiba kwa kutumia nini, na fimbo yake aliinyoosha kwa kutumia nini. Olalem yake, ndiyo sime, inafanya kazi ya mbao kutwa nzima. Vita ni hadithi ya babu.

Yanayojulikana niyamalize haraka. Makali hayakuambii kitu. Muuzaji atanyoa malaika ya mkono wake mbele yako, na wewe utatoa pesa. Hata kifuniko cha soda ukikaa nacho kwenye kinoo nusu saa kitanyoa. Kung'aa ni kazi ya msasa. Urefu wa ubapa usizidi dhiraa ya mkono wako mwenyewe. Ukizidi hapo unabeba upanga wa maonyesho. Umbo ni la jani, pana karibu na ncha, jembamba kuelekea mkononi, na lazima kuwe na uti katikati, pande zote mbili. Sime isiyo na uti ni mwiko wa kusongea ugali. Na iwe na makali mawili. Nimesikia hoja za wanaotaka upande mmoja butu ili waweke kidole gumba wanapochonga. Wakanunue kisu cha bucha.

Chuma ni springi. Hapo sibishani. Springi ya gari ina kaboni ya zaidi ya nusu asilimia, nondo ya kawaida ya ujenzi ina robo hivi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya moja ikubali kutiwa maji ikawa ngumu, nyingine ibaki kama ilivyozaliwa. Sime ya nondo inapendeza sana siku ya kwanza. Siku ya pili unainoa, ya tatu unainoa, mwisho wa mwezi umebaki na sindano. Kama fundi ana grenda, mwombe aguse kidogo kwenye mkia: springi hutoa cheche zinazopasuka kama nyota, nyingi na fupi, nondo hutoa michirizi mirefu isiyopasuka sana. Akikataa kugusa, jibu umelipata.

Zamani kila mtu alitaka springi ya Land Rover. Zilikuwa nyembamba kiasi, zimepigwa na mashimo ya barabara miaka ishirini, na mhunzi alihitaji kuzifua kidogo tu. Mwaka 1983 ikatoka One Ten yenye springi za kuzungushwa, na kadiri zile za zamani zilivyokufa ndivyo majani mazuri ya springi yalivyoadimika. Siku hizi ni Fuso na Isuzu. Chuma si kibaya, ila ni kinene. Kinataka mtu wa kukaa kwenye moto na kupiga nyundo hadi kikonde. Vijana hawapigi. Wanachora sime juu ya springi kwa chaki, wanakata kwa grenda, wanakwangua makali, basi. Unapata kipande chenye unene mmoja toka shingoni hadi nchani, kizito kama mtaimbo. Kuna jambo la kuuliza pia hapa: hiyo springi ilitolewa kwenye gari kwa sababu gani? Kama ilichoka ikalala, ni njema. Kama ilivunjika, usiiguse, maana ikivunjika mahali pamoja ina nyufa nyingine zinazosubiri zamu yao.

Sasa bega.

Bega ni pale ubapa unapokoma na mkia unapoanza. Ubapa una upana wa vidole viwili, mkia una upana wa kidole kimoja, kwa hiyo kila upande kuna kona. Mnunuzi haitazami kona hiyo kwa sababu mara nyingi imefunikwa na mpini, na ndiyo inayoamua kama sime itamfikia mjukuu wako au itakufa Jumamosi. Kila unapopiga tawi, nguvu yote ya pigo inarudi mkononi kupitia pale. Kona iliyokatwa kwa grenda ikawa kali, mraba, kama pembe ya meza, nguvu hujikusanya ndani yake na kuanza kupasua chuma kidogo kidogo. Huoni kitu. Kisha siku moja unashika mpini mtupu.

Mimi nilishika mpini mtupu. Nilikuwa nakata miiba ya mgunga huko chini upande wa Rundugai, na mpwa wangu anaiburuta. Pigo la tatu ubapa ukaruka, ukachomeka ardhini hatua moja kutoka mguuni pake. Sime yenyewe niliinunua ghali, kwa muuzaji nisiyetaka kumtaja, na niliisifu mwenyewe kwa miezi miwili. Nilipochana ngozi ya mpini nikakuta kosa kubwa kuliko kona: ubapa ulikuwa springi halali, ila mkia ulikuwa kipande cha nondo kilichochomelewa begani. Fundi alipata springi fupi, akaona hasara kuipoteza sehemu ya mkia. Akaunga, akafunika kwa ngozi ya mbuzi, akapaka rangi. Pale chuma kilipochomelewa palivunjika kama biskuti.

Tangu siku hiyo natazama ngozi inaishia wapi. Katika sime ya haki, ngozi ya mpini huishia kabla ya bega, na unaona mabega yote mawili yakitokeza wazi, chuma kitupu, sawasawa kama mabega ya mtu aliyesimama vizuri. Ngozi ikipanda juu ya bega, hata kwa upana wa kidole, kuna kilichofunikwa. Muuzaji atakwambia imepandishwa ili kukinga mkono. Kukinga mkono na nini? Olalem haina kikingio, haijawahi kuwa nacho, na mikono ya Wamasai iko salama. Shanga ni mbaya zaidi kuliko ngozi, kwa sababu ukiona shanga unaacha kufikiri. Ile sime ya kibandani shanga zake zilipanda vidole viwili.

Palikuwa na mzee mmoja, mhunzi wa Mamba, juu ya barabara ya Marangu, sasa ni marehemu. Wachagga wa zamani walipata chuma kutoka kwa Wapare wa Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulikiyeyusha, na Mamba ilijulikana mlima mzima kwa kukifua. Mzee huyu alikuwa hauzi sime yenye mpini. Alikupa ubapa na mkia wake mtupu, bado una rangi za moto, ukatafute mpini mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilidhani ni uvivu. Nikakaa naye siku nzima nikaona: makali aliyapa robo saa, kona mbili za bega alizipa asubuhi nzima, kwa tupa ya mviringo, hadi zikawa na mkunjo laini unaoweza kulaza ncha ya kidole kidogo. Halafu, alipokwisha kuutia ubapa maji, akaulaza mkia juu ya kipande cha chuma chekundu na kusubiri. Rangi ikatembea kutoka mkiani kuja kwenye ubapa: buluu, zambarau, kisha manjano ya nyasi kavu. Nyasi ilipofika kwenye makali akatumbukiza majini. Kwa hiyo makali yalibaki magumu na shingo ikabaki buluu, yenye kukubali kupinda bila kukatika.

"Nikiuza na mpini," aliniambia, "utajuaje kwamba sikuiba?"

Wamasai nao walikuwa na la kwao. Wahunzi wao, Ilkunono, waliwatenga, hawakuoana nao, na mtu alijipaka mafuta mkononi kabla ya kupokea sime kutoka kwao. Ni dharau, sikatai. Lakini angalau aliyeipokea alijua imetoka mkono wa nani. Sime za Bomang'ombe leo zinashushwa kwa mafungu, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ukimuuliza muuzaji nani kazifua anakutazama kama umeuliza jina la kuku aliyetaga yai.

Mpini utauchonga mwenyewe, kwa mpera. Mkahawa mzee pia unafaa ukiweza kumshawishi mwenye kihamba aung'oe. Mgrivea usiutaje mbele yangu. Mkia upite mpini wote na kutokeza nyuma, ugongwe ukunjike. Ukitaka kuifunga ngozi, ifunge mbichi, ijikaze yenyewe ikikauka.

Yule kijana wa Lemosho alipoondoka aliniuliza, "Mzee, hujakisifu kisu changu?" Nikamwambia dira yake ni nzuri, na inaelekeza kaskazini kweli.

Wewe unayesoma haya, ukipita Boma au Kwasadala ukampata muuzaji anayekubali kufungua ngozi ili uone bega kabla ya kulipa, mlipe bei anayoitaja bila kupunguza. Kisha niulizie pale kibandani njia panda, unielekeze aliko. Mpwa wangu anahitaji sime, na sijapata ya kumnunulia.