Hela ya Chumvi

Kutaja hela ndogo bila kumdhalilisha mwenye nayo ni ufundi, na sijaona wanaoujua kuwashinda akina mama wauza dagaa na nyanya wa magulio ya Ngara na Biharamulo.

Mtazame mmoja wao pale Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, ambako shilingi na faranga hulala kwenye khanga moja, kila moja na fundo lake. Kijana anafika, haya imemshika. "Shikamoo mama. Nina jero tu." Hilo "tu" mama halisikii, au hataki kulisikia. "Marahaba. Jero ni mboga hiyo, mwanangu. Nyumbani mko wangapi?" Anachota dagaa kwa kikopo mpaka wanamwagika, anawafunga kwenye kipande cha gazeti, kisha vidole vitatu vinarudi kwenye sinia na kubana wengine wachache. "Na hii ya mtoto." Nyongeza hiyo haina bei. Kijana anaondoka kifua mbele, utadhani kanunua kwa elfu kumi.

Lugha yote ya hela ndogo ilijengwa hivyo. Mwenye shida hataji kiasi. Anaomba hela ya chumvi, ya sabuni, ya kusagia, na anayeombwa anaelewa. Hata kukataa kuna adabu yake: "Leo sina hata ndururu," ingawa ndururu yenyewe, ile senti tano, watoto wa leo hawajaitia machoni. Hela nayo ilianza kama sarafu: Wajerumani walileta heller mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Boma lao liko Biharamulo mpaka leo. Rupia ilikufa, hela tukaifanya yetu.

Ndiyo maana niliumia Aprili 2008, Andrew Chenge, wakati huo Waziri wa Miundombinu, alipoziita vijisenti zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa kwenye akaunti yake kisiwani Jersey. Alijiuzulu mwezi huohuo. Watu walichekea neno lile miaka mingi. Mimi niliona limenyang'anywa wenyewe, wale ambao vijisenti vyao ni vijisenti kweli.

Siku hizi ukidai chenji ya shilingi hamsini dukani unapewa pipi, wala huulizwi kama unaitaka. Sarafu ile ni fedha halali, imeuawa na dharau tu. Na pale Nyakanazi, njia ya Kigoma inapokutana na ile ya Rusumo, mabinti wanauzia abiria madirishani huku basi likinguruma. Bei inatajwa mara moja, hela inadakwa, salamu hakuna. Hao siwalaumu, muda hawana. Nawalaumu wenye maduka, wanaoshinda wameketi nyuma ya kaunta toka asubuhi, wasioona tabu kumwekea bibi wa watu pipi kiganjani.