Sikiliza Injini Kabla ya Kutazama Sindano

Mtu akinialika nimtazame akitua kwa ILS, mfumo wa redio unaoiongoza ndege hadi uwanjani, kwenye simuleta, nampa mgongo kwanza, nisikilize. Ndege iliyoandaliwa vizuri huimba sauti moja kuanzia maili saba kutoka uwanjani hadi inapokaribia kugusa lami. Injini hupanda na kushuka kidogo tu upepo unapogeuka. Iliyoandaliwa vibaya hunguruma, hunyamaza, hunguruma tena, kama daladala kwenye foleni. Kabla sijaiona sindano hata moja, nusu ya habari ninayo.

Wengi hupima kwa kuangalia ndege imegusa wapi. Kipimo hicho hakitoshi, maana otopailoti inaweza kuifikisha ndege kwenye lami hata kama rubani amevuruga kila kitu njiani. Otopailoti haioni ardhi wala haiujui uwanja. Inapokea mawimbi mawili ya redio: lokalaiza, inayoonyesha mstari wa katikati wa njia ya kurukia, na mteremko, ambao kwa kawaida hushuka kwa nyuzi 3. Kila wimbi limebeba milio miwili, wa hezi 90 na wa hezi 150, na kazi ya mashine ni kuisogeza ndege mpaka milio hiyo ilingane nguvu. Basi. Ni tiifu mno. Ukiikabidhi ndege iliyo juu sana au yenye kasi kupita kiasi, itapambana nayo vilevile. Kwa hiyo mimi naangalia kile ilichokabidhiwa.

Uwanja ninaoutumia kupima watu ni wa Jomo Kenyatta, Nairobi, njia nambari 06. Uko futi 5,330 hivi juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho humfichua aliyekariri. Boeing 737 inayoingia Mombasa kwa noti 140 za kipima mwendo, siku isiyo na upepo, hupita juu ya ardhi kwa karibu noti 145 na kushuka futi 750 na ushei kwa dakika. Nairobi hewa ni nyepesi: mchana wa kawaida, noti 140 zilezile huwa 155 hivi juu ya ardhi, na ndege hushuka zaidi ya futi 800. Aliyezoea pwani huiona namba hiyo akashtuka, akaanza kugusagusa vitufe. Anayejua ameshazidisha mwendo wa ardhini mara tano kichwani, akaongeza kidogo, na namba ikitokea anaipokea kama mgeni aliyetuma salamu mapema.

Sasa geuka utazame kioo, maana ndege inakamata lokalaiza. Mimi hupenda ndege iwe imetulia futi 7,500 kwenye altimita, yaani kama 2,200 juu ya uwanja, ikielekea 030 kutokea kusini ili iukate mstari wa 060 kwa nyuzi 30. Flapu za kwanza ziko nje, mwendo umeshapunguzwa. Neno LOC limeandikwa kwa weupe, linasubiri. Sindano inaanza kuingia. Neno linageuka kijani. Bawa linainama, linanyooka, na sindano inasimama katikati bila kupitiliza. Hapo ndipo ninapotoa alama nyingi kuliko popote. Ikipita, ikarudi, ikapita tena, mwenye ndege alikuja kwa kasi au kwa pembe kubwa mno, na hakuna kugusa lami kwa ulaini kutakakofuta hilo. Mteremko nao ukamatwe kutoka chini, alama yake ikiteremka taratibu kutoka juu ya kipimo. Anayeufukuza kutoka juu hulazimika kupiga mbizi, huongeza mwendo aliopaswa kuupunguza, na anaweza kunasa mteremko wa uongo, kwa sababu mtambo huo hutoa pia njia bandia kwenye pembe kali zaidi, kama nyuzi 9.

Mpwa wangu alinionyesha siku moja kazi yake kwenye Cessna 172. Masafa sahihi, kozi sahihi, kitufe cha APP, cha kuikamata njia ya kutua, kimebonyezwa, ndege imenyooka kama uzi wa fundi muashi. Maili zikapungua, alama ya mteremko haikutokea, uwanja ukaanza kupotea chini ya pua. "Mjomba, imeharibika." Nikamwelekeza kidole kwenye sindano: ilikuwa ya zambarau. Alikuwa anafuata setilaiti muda wote. Hakuwa amehamia kwenye redio, ambayo sindano yake ni ya kijani. Tangu siku ile, nikishageuka kutazama kioo cha mtu, rangi ya sindano ndiyo naitafuta kwanza. Na yule anayefungua sauti ya redio asikilize herufi za Morse za kituo, hata akiwa sebuleni kwake, nampa heshima yake kamili.

Ukali wangu kuhusu sauti ya injini una sababu. Tarehe 25 Februari 2009, Boeing 737-800 ya Turkish Airlines, safari namba 1951, ilikuwa inaingia Schiphol, Amsterdam, kwa ILS. Altimita ya redio ya kushoto, inayopima kimo kutoka ardhini, ikasoma futi 8 chini ya sifuri; mtambo unaoendesha nguvu za injini ukaamini ndege inagusa ardhi, ukazirudisha injini kwenye nguvu ya chini kabisa. Ndege ilikuwa imeukamata mteremko kutoka juu, kwa hiyo injini kunyamaza kulionekana jambo la kawaida. Otopailoti ikaendelea kuinua pua ili ibaki kwenye mteremko, huku mwendo unakufa. Watu 9 walipoteza maisha.

Ndiyo maana nadai kwamba futi 1,000 juu ya uwanja, Nairobi altimita ikisoma 6,330, magurudumu na flapu viwe vimemaliza kutoka na mwendo uwe umetulia kwenye ule wa kutua. Asiye tayari hapo apae upya, na akipaa bila kusita namhesabia kuwa ni ufundi.

Linabaki jambo ambalo simuleta pekee hulifichua. Wenzo wa nguvu ulioko mezani, kwa vifaa vingi vya nyumbani, hausogei wenyewe mashine inapobadilisha nguvu. Huenda ukawa umelala kwenye sifuri tangu ndege ilipoanza kushuka. Ukizima otomatiki bila kuulinganisha, injini zitaanguka au kuruka ghafla na pua itafuata. Kwa hiyo, futi 500 hivi kutoka ardhini, acha kioo utazame kiganja cha rubani. Kiganja cha fundi kinausukuma wenzo polepole mpaka pale nguvu ilipo, kinasubiri pumzi moja, kidole kinabonyeza. King'ora cha otopailoti kinalia, kinanyamaza. Pua iko palepale, na injini zinaimba sauti ileile.