Tazama ulimi kabla ya rangi

Mtu akishika chambo bandia kwa mara ya kwanza, jicho lake hukimbilia rangi. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanapaka mgongo wa buluu, tumbo la dhahabu na macho mekundu yanayong'aa. Lakini kabla samaki hajaona rangi yoyote, chambo lazima kipite pale alipo, na kinachoamua kitapita wapi ni kile kibamba kilichochomoza chini ya pua. Nakiita ulimi.

Nazungumzia chambo kile kifupi chenye tumbo, ambacho ukikiacha kinaelea na ukikivuta kinazama. Kazi yote inafanywa na maji. Uzi unavuta kwenda mbele, maji yanaugonga ulimi na kuusukuma chini, pua inainama na mwili unafuata. Ni tiara iliyogeuzwa: ile hupandishwa na upepo, hiki hushushwa na maji. Ulimi mfupi ulioinama kukaribia wima hukiweka chambo mita moja hivi chini ya uso wa maji. Ulimi mrefu uliolala karibu sambamba na mwili hukipeleka mita nne, tano, hata zaidi. Papo hapo maji yanateleza ubavuni kwa zamu, kushoto na kulia, na chambo kinayumba. Kuyumba huko ndiko samaki anakosikia kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake, hata penye giza au tope.

Wengi hudhani ukivuta kwa kasi zaidi chambo kitazama zaidi. Hakizami. Kila ulimi una kina chake. Ukishafika hapo, kasi ya ziada inakipindua tu na kukilaza ubavu. Kinachobadilisha kina ni unene wa uzi na urefu wake. Nailoni nene ya mshipi wa mkono inabeba maji mengi na kukiinua chambo, kwa hiyo kilichoandikwa mita tano kitaishia mita tatu. Uzi mwembamba unakata maji na kukiachia kishuke. Tena chambo kinahitaji mwendo mrefu kabla ya kufika kina chake, hivyo ukirusha karibu, sehemu kubwa ya safari kitakuwa bado kinashuka.

Chambo hiki hakikuzaliwa kiwandani. Mwaka 1936 Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland, alichonga chambo kwa kizibo akitumia kisu cha fundi viatu, akakifunga karatasi ya kung'aa ya chokoleti, kisha akakipaka filamu za picha alizoyeyusha ili maji yasiingie. Alikuwa ameona ziwani kwamba samaki mkubwa hupita katikati ya kundi na kumchagua yule mdogo anayeyumba vibaya. Miongo mitatu baadaye, Fred Young wa Tennessee, Marekani, alichonga kwa mti mwepesi wa balsa chambo kinene alichokiita Big O, na watu wakawa wanakigombania. Mapema miaka ya 1970 kampuni ya Cotton Cordell ilikitoa kwa plastiki. Plastiki ilileta ulinganifu, maana vya mbao havifanani hata viwili. Ila mti mwepesi hupanda juu upesi zaidi uzi ukilegezwa, na kwenye mawe hiyo ni faida ambayo plastiki haijaifuta.

Sasa tuje kwetu. Jina la Bendera, mashariki mwa Kongo, watu hulijua kwa mambo mawili: umeme wa mto Kyimbi, uliofungiwa mitambo zama za Wabelgiji na unaowasha taa za mji wa Kalemie, na shambulio la Juni 1965 la wapiganaji wa Che Guevara na wenzao, lililoshindwa. Uvuvi hautajwi. Hata hivyo mtu wa Bendera ana maji ya namna mbili ya kufikiria: mto unaoshuka kwa nguvu kutoka milimani, na Ziwa Tanganyika akisafiri kilomita zipatazo 120 kwenda Kalemie.

Mtoni usianze na ulimi mrefu. Maji yakikimbia, mkondo wenyewe unaufanyia ulimi kazi hata kabla hujavuta, na chambo cha kina kirefu kitajichimbia kwenye mawe. Chukua kifupi, kinene, chenye kuyumba kwa upana. Kirushe kikatize mkondo, ukielekeza juu kidogo, kisha uache maji yakizungushe hadi kwenye ukingo wa maji tulivu nyuma ya jabali. Samaki hasimami penye nguvu ya mkondo bali pembeni yake, akingoja kinacholetwa. Msimu wa mvua maji yakiwa chai ya maziwa, rangi nyeusi au ya kahawia iliyokolea huonekana vizuri kuliko fedha, kwa sababu samaki anaona kivuli tu. Hapo ndipo vile vyenye gololi ndogo ndani, vinavyolia vikitikisika, vinapostahili bei yake. Lukuga, mto unaoyatoa maji ya ziwa pale Kalemie na kuyapeleka Lualaba, unahitaji akili hiyohiyo.

Ziwani hesabu inabadilika. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini maji ya chini hayana hewa ya oksijeni na samaki wote wanaishi tabaka la juu. Chambo chetu kinafikia mita chache tu za tabaka hilo. Kwa hiyo usikitupe katikati ya ziwa mchana kweupe ukingoje muujiza. Chambo hiki kina mahali pawili.

Pa kwanza ni pwani ya mawe, kama ile ya Tembwe kusini mwa Kalemie, ambako miamba inashuka ghafla. Hapa kuna samaki aitwaye kuhe, na sangala wanaojificha kwenye nyufa. Chagua ulimi unaozama kidogo kuliko kina cha maji, makusudi, ili ugonge jiwe. Watu wanaogopa kugonga kwa hofu ya kupoteza chambo, na kwa sababu hiyo wanavuta juu ya vichwa vya samaki siku nzima. Ulimi ndio unaogusa jiwe kwanza na kuzikinga ndoana zilizo nyuma yake. Ukihisi mgongano, acha kuvuta. Chambo kitarudi nyuma na kuinuka polepole, kama kidagaa kilichojigonga na kuchanganyikiwa, na mara nyingi samaki anakamata wakati huo uliosimama. Anayeendelea kuvuta kwa nguvu ndiye anayekiacha chini. Ukiona kuhe wawili wamekaa pamoja juu ya mchanga, ondoka: wanalinda watoto wao.

Pa pili ni maji ya wazi alfajiri. Samaki waitwao mikebuka wanafuata makundi ya ndakala, na ndakala mwenyewe hafiki zaidi ya sentimita kumi. Chambo kiwe urefu huo, chembamba, cha fedha na mgongo mweusi; maji haya ni meupe na samaki anaona mbali. Pirogi inayorudi kutoka kwenye uvuvi wa taa wa usiku inaweza kuburuza uzi wa mita thelathini au arobaini nyuma yake bila gharama ya ziada, mradi moteri ipunguzwe hadi mwendo wa mtu anayetembea haraka. Chambo kikubwa sana, kama vile vya kuvulia sangara wa Mto Naili pale Murchison Falls, Uganda, kitatisha kundi.

Nani atakiuza Bendera? Afadhali kuchonga. Mti wowote mwepesi mkavu unafaa, ulimi ukatwe kwenye plastiki ngumu au bati la sufuria, na waya mmoja upite mwilini toka pua hadi mkia ili samaki asikipasue. Risasi kidogo iwekwe tumboni, chini kabisa, mbele ya katikati. Bila hiyo chambo kinageuka chali. Kijaribu kwenye beseni kabla ya kupaka rangi: ukikilaza ubavu lazima kijiinue chenyewe.

Kikikimbilia kulia wakati wa kuvuta, usikitupe. Pinda kijipete cha kufungia uzi kuelekea kushoto, kidogo mno, ujaribu tena. Uzi ufungwe kwa kitanzi, si kwa fundo lililobana pua, maana fundo la kubana linaua kuyumba. Penye samaki aitwaye kibebe weka waya mfupi mwembamba, maana meno yake yanakata nailoni mara moja. Waya mnene utakulindia uzi lakini utakifanya chambo kigumu. Mdomo wa kibebe ni mfupa mtupu, kwa hiyo noa ndoana kila asubuhi. Na ukibadilisha ndoana za ncha tatu kwa nzito zaidi, kirudishe kwenye beseni. Ndoana ya nyuma ikizidi uzito, mkia unazama na chambo kinaacha kucheza, na hakuna ulimi utakaorekebisha hilo.